Kiangazi cha India hakivukwi bila chumvi

Mwambie mtu wa pwani akutajie kinywaji cha Kihindi, atakutajia lasi ya embe au faluda. Simlaumu. Ndivyo tulivyovikuta kwenye mahoteli ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam: sukari ya kutosha, barafu, faluda na tambi zake na aiskrimu juu. Ni vitamu, nami navipenda. Ila kwangu hivyo ni vya kushushia mlo jioni, watu wamekaa wanazungumza. Kinywaji kinachomvusha Mhindi wa kawaida kuanzia Aprili hadi Juni, jua likiwa utosini na kazi ikimsubiri nje, kina chumvi ndani yake. Nasema hivi kwa sababu naona vinywaji hivi vinasifiwa kila mahali siku hizi, halafu chumvi inaachwa, au inatajwa mwishoni kana kwamba ni ya kuongezea ladha tu. Chumvi ndiyo inayofanya kazi.

Tuanze na joto lenyewe. Phalodi, katika jimbo la Rajasthan, tarehe 19 Mei 2016 kipimo kilifika nyuzi 51 za Selsiasi. Ahmedabad, mji niliosomea katika jimbo la Gujarat, ulifika nyuzi 46.8 mwezi Mei 2010, na watafiti waliohesabu vifo vya mwezi ule walikuta vimezidi vya kawaida kwa 1,344. Nyanda za kaskazini mwa India zina upepo wa mchana uitwao loo, mkavu, wa moto, unaotoka upande wa magharibi na kukupiga usoni hadi macho yanawasha. Sisi tuliokulia kwenye fukuto la Januari na Februari, jasho likiwa limetuganda mwilini, joto la namna hii hutudanganya, maana jasho linakauka kabla hujaliona. Unadhani hutoki jasho kabisa. Ukivua shati jioni ndipo unakuta mistari myeupe mgongoni na kwapani. Ile ni chumvi, na imetoka mwilini mwako.

Mtu anayetoka jasho kutwa nzima akawa anakunywa maji matupu, maji yanarudi lakini chumvi hairudi. Akiendelea hivyo kwa muda mrefu, chumvi ya damuni inapungua: kichwa kinauma, misuli ya miguu inakaza, kichefuchefu kinapanda, mtu anazidi kunywa maji na hapati nafuu. Akina mama wa Gujarat wanalijua hili kwa kuliona kwa watu wao, na jibu lao ni chaas, mtindi uliopekechwa na maji ukatiwa chumvi.

Ahmedabad, mlo wa mchana bila chaas haujakamilika. Mama mwenye nyumba tuliyopanga tulimwita Masi, kama vile angekuwa mama yetu mdogo, na mwezi Mei hakuruhusu mtu avuke kizingiti chake mchana kabla hajanywa. "Masi, nimechelewa." "Kunywa kwanza, beta, ndipo utoke." Beta ni kama kusema mwanangu. Alikuwa anachukua mtindi aliougandisha usiku, kikombe kimoja kwa vikombe viwili au vitatu vya maji ya mtungini, anatia kwenye chungu kirefu na kupekecha kwa upekecho wa mbao, akiuzungusha mpini wake kati ya viganja. Povu linapanda. Mtindi ukiwa wa maziwa mazito, vipande vya siagi vinaelea juu, anavikusanya kwa vidole na kuviweka pembeni kwa ajili ya chapati. Kisha bizari nyembamba, aliyoikaanga kavu hadi ikaanza kutoa moshi na kuitwanga, kotmiri kidogo, na chumvi nyeusi.

Chumvi hii nyeusi, ikisagwa, huwa ya rangi ya waridi iliyofifia, na ina salfa, kwa hiyo inanuka yai lililochemshwa. Wageni wengi hukwama hapo. Mimi nawaambia wavumilie, kwa sababu ikiingia kwenye mtindi na bizari ile harufu inatulia, kinachobaki ni ladha ambayo chumvi ya kawaida haiwezi kuileta. Kusini, Tamil Nadu, kinywaji hichohicho huongezewa tangawizi, pilipili mbichi na mvuje, huitwa neer mor, na wakati wa sikukuu ya Ram Navami hugawiwa bure mahekaluni pamoja na panakam, ambayo ni maji ya sukari guru, tangawizi na iliki.

Baada ya chaas, kinachonigusa zaidi ni aam panna. Hiki ni cha embe bichi, lile gumu la kijani linalojaa sokoni Aprili, wiki kadhaa kabla ya maembe kuiva. Wengi huyachemsha. Mimi ni wa kuchoma, na sitabadili msimamo. Liweke embe juu ya makaa, au hata juu ya moto wa jiko la gesi, uligeuze kwa koleo. Ganda linaanza kutoa malengelenge, linakuwa jeusi, linapasuka, mvuke mchachu unatoka na maji yanachuruzika hadi yanazima ndimi za moto. Likishalegea, lipoze, menya, kamua nyama yote kutoka kwenye kokwa kwa vidole. Ponda pamoja na sukari guru, chumvi nyeusi, chumvi ya kawaida, bizari iliyokaangwa, pilipili manga na konzi ya nanaa iliyosagwa. Rojo hilo linakaa kwenye friji siku kadhaa. Ukirudi kutoka juani, vijiko viwili kwenye bilauri ya maji ya baridi. Unaonja uchachu kwanza, kisha chumvi, kisha moshi wa ganda, na utamu unakuja mwisho kabisa. Wanaokijaza sukari hadi embe halisikiki, halafu wakatia rangi ya kijani ya chupani ili kionekane kizuri pichani, wanakiharibu. Sukari ile ipo kwa ajili ya kuufanya uchachu unyweke na kuisaidia chumvi. Haikukusudiwa itawale.

Na hii ya sukari kuisaidia chumvi ni jambo lililothibitishwa, kwa gharama kubwa, huko India kwenyewe. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kambi ya wakimbizi ya Bangaon karibu na mpaka ilivamiwa na kipindupindu. Dripu zilikuwa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa maji yenye chumvi, glukosi na magadi wanywe kwa mdomo, na wengi waliohudumia walikuwa ndugu wa wagonjwa wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Utumbo hupokea chumvi vizuri zaidi ikiwa imefuatana na sukari kidogo, na maji huzifuata zote mbili. Ndiyo ORS tunayoijua kwenye zahanati zetu. Sisemi aam panna ni dawa; mwenye kuhara au mtoto anayeishiwa maji apewe ORS ya pakiti na afikishwe hospitali. Nasema tu kwamba maji ya ndimu ya India, yale ya chumvi na sukari pamoja, yanapita njia hiyohiyo.

Lakini kama ningepewa kinywaji kimoja tu cha kukitetea mbele ya watu, ningechagua sattu ya jimbo la Bihar, kinywaji cha unga wa dengu. Dengu hukaangwa ndani ya mchanga wa moto, huchekechwa, huondolewa maganda na kusagwa unga laini. Mchuuzi wa Patna, mji mkuu wa Bihar, mwenye mkokoteni anachota unga, anamimina maji, anatia chumvi, ndimu, bizari, kitunguu na pilipili mbichi vilivyokatwa vidogo vidogo, anakoroga kwa nguvu na kukukabidhi kabla unga haujatuama chini. Wanaokunywa ni wavuta riksho, wapagazi, mafundi ujenzi. Mtu anapata maji, chumvi na chakula kwa mkupuo mmoja, kwa hela ndogo, na anarudi kazini. Wabihari wanaokwenda kutafuta maisha Delhi na Kolkata hubeba unga huu mizigoni. Hakina rangi ya kupendeza, kwa hiyo hukikuti kwenye orodha ya vinywaji vya mahoteli ya nje. Hilo linaniudhi kwa kweli, maana watu waliokitunza kinywaji hiki ndio wanaolichukua joto lote la nchi ile mabegani mwao.

Kisha kuna uji wetu. Mitaani Chennai, kule Tamil Nadu, kiangazi kikipamba moto, utakuta vibanda vya koozh, uji wa ulezi au uwele uliolazwa ukachachuka, ukachanganywa na mtindi wa maji na chumvi, ukanywewa wa baridi, pembeni kitunguu kibichi na pilipili. Ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ulivuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, kama vile embe baadaye lilivyovuka kuja kwetu. Sisi tunaunywa ukiwa wa moto, asubuhi, na sukari. Jaribuni kuupoza, mtie mtindi na chumvi, mnywe saa saba mchana.

Watu wa Konkan, pwani ya magharibi ya India, nao wana sol kadhi, tui la nazi lililotiwa maji ya tunda la kokum, kitunguu saumu na pilipili, rangi yake ya pinki. Mpwani akionja hataki kuambiwa ni cha wapi.

Vitamu navyo vina heshima yake, na kimoja nakitaja kwa unyenyekevu. Masingasinga, kila mwaka mwezi Mei au Juni, husimama barabarani kumkumbuka Guru Arjan, kiongozi wao wa dini aliyeuawa Lahore mwaka 1606 baada ya kuteswa kwa joto na mchanga wa moto. Wanachofanya ni kumgawia kila apitaye maziwa ya baridi yaliyochanganywa na maji, sukari na sharubati ya waridi, bila kumuuliza dini yake. Desturi hiyo wanaiita chhabeel. Utamu ule siubishii.

Ninaoubishia ni wa soda. Coca-Cola iliondoka India mwaka 1977 na kurudi mwaka 1993, na tangu hapo mgeni wa nyumba nyingi za mjini anakaribishwa kwa chupa, pale ambapo zamani angepewa shikanji, yale maji ya ndimu ya chumvi na sukari. Chupa ya soda ina sukari nyingi sana na chumvi karibu hamna. Kwa aliyekaa ofisini pengine si neno. Kwa aliyebeba zege tangu asubuhi, haimrudishii alichopoteza. Si kila cha kiwandani nakikataa: chaas ya pakiti ya Amul, ushirika wa wafugaji wa Gujarat, ina chumvi na viungo vyake, na imewafaa wengi wasio na nafasi ya kugandisha mtindi. Hata mamlaka ya maafa ya India, ikitoa ushauri wa siku za joto kali, huwaambia wananchi wanywe ORS na vinywaji vya nyumbani kama lasi, maji ya wali, maji ya ndimu na chaas.

Kwetu huku, Januari hadi Machi, mafundi wanapiga plasta juani na wanaletewa soda, au maji matupu. Mwenye mradi anayewajali angeweza kuwaandalia shikanji kwa hela kidogo kuliko kreti moja ya soda. Kwa kila lita moja ya maji safi na salama: chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko sita vya chai, vyote vya kusawazisha na si vya kurundika, ndimu mbili, na bizari nyembamba iliyokaangwa kidogo ukiwa nayo. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza. Barafu isiyojulikana ilikotoka msitie. Mtungi wa udongo kivulini unatosha kuyapoza.