Jenereta Inakimbia

Mkalimani wetu tulimwita Prof. Hakuwahi kufundisha popote, ila alikaa Kampala kwa muda, akarudi Goma na suti mbili na Kiingereza kimoja. Nasema kimoja kwa sababu kila neno la lugha hiyo lilikuwa na maana moja tu kichwani mwake, imenyooka kama uwanja wetu wa ndege kabla lava ya mwaka 2002 haijaupitia. Ukimwambia neno lina maana nyingine, anakasirika.

Mimi nilikuwa mtunza stoo kwenye depo ya shirika moja la misaada, upande wa Himbi. Jina la shirika nalihifadhi, maana bado nina watu wanaokula mshahara wao. Tulikuwa na mablanketi, masufuria, maturubai na friji za chanjo. Friji ndizo zilizotuletea mzungu. Umeme wa mjini ulikuwa unakuja ukijisikia, kwa hiyo wakubwa wakatuma jenereta mpya pamoja na fundi Mwingereza wa kuifunga. Kifaransa chake kiliishia kwenye "bonjour". Kiswahili chake kilikuwa kwenye daftari dogo alilolitia mfuko wa shati. Na sisi Kiingereza tungekitoa wapi? Shule zetu ni Kifaransa, na Kiingereza chenyewe mwalimu alitufundisha kwa Kifaransa. Basi roho zetu zote zikawa mikononi mwa Prof.

Asubuhi ya kwanza mzungu akawasha jenereta, akaitegea sikio, akasema sentensi fupi. Ndani yake nikasikia "run". Prof akakohoa, akatutangazia:

"Anasema tuiache ikimbie dakika kumi."

Wote tukaitazama jenereta. Ilikuwa imefungwa kwenye sakafu ya saruji kwa bolti nne nene.

"Ikimbie wapi, Prof?"

"Mimi natafsiri tu. Njia hajanitajia."

Papa Sentineli, mlinzi wetu wa geti, hakutaka mjadala. Kazi yake ni moja: kitu kisitoke bila karatasi. Akaenda mpaka getini, akasukuma komeo, akatia kufuli na kuvaa ufunguo shingoni. "Ikitaka kukimbia," akasema, "ilete kwanza bon de sortie."

Hilo kufuli msilisahau.

Vumbi letu jeusi likamwingia mzungu puani. Mchana wake Prof akatujulisha kwa huzuni kwamba pua ya mgeni inakimbia. Mama Maandazi, ambaye alikuwa anakaanga nje kidogo ya geti na alikuwa anajua habari za depo kabla yetu, akauliza kama imekwenda mbali.

Kesho yake ikafika zamu yangu. Mzungu alinijia na orodha ya vifaa mkononi, akaionyesha, akaonyesha stoo, akasema neno lake lile lile.

"Anataka umkimbize," Prof akasema.

"Nimkimbize nani?"

"Yeye. Umkimbize ndani ya stoo, kuanzia mwanzo wa orodha mpaka mwisho."

Sasa mtumishi mwenye watoto wanne atabishana na mgeni wa makao makuu? Nikakunja mikono ya shati. Nikamshika mzungu kiwiko, tukaondoka. Tukapita mablanketi mbio, tukakata kona kwenye masufuria, tukayaruka maturubai, mimi natangaza kwa sauti: mablanketi! masufuria! maturubai! Naye, Mungu ambariki, alikimbia bila kuuliza, orodha ikipepea mkononi, kalamu mdomoni. Kule mwisho kwenye friji akashika magoti, akahema, akaandika kitu kwenye lile daftari lake. Nadhani aliandika kwamba hapa Goma ndivyo stoo inavyokaguliwa.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anisubiri kidogo, maana yanayofuata hayachekeshi kama hujui tunakaa wapi. Juu ya mji wetu kuna Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 wenye moto tumboni. Januari 17, 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikateketeza maduka na nyumba, ikaenda kuzima ziwani Kivu. Mei 22, 2021, Jumamosi jioni watu wakiwa mezani, ikashuka tena na kusimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Ardhi ikatetemeka siku kadhaa, na Mei 27 ikatoka amri ya kuhama mitaa mingi ya mji. Watu wakaelekea Sake, wengine Gisenyi ng'ambo ya mpaka, wengine wakapanda boti za Bukavu, godoro kichwani na mbuzi mkononi. Haya ninayosimulia ni ya mwaka huohuo, Krismasi haijafika. Wakati ule Goma, ukilisema neno "kimbia" kwa sauti kubwa, ujue unawaambia watu mia mbili.

Papa Sentineli ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Alikuwa ameukimbia mlima ule mara tatu: 1977 akiwa kijana, 2002 akiwa na familia, na 2021 akiwa na goti bovu. Alilala na viatu.

Ikaja ile siku. Mzungu alikuwa anajaribu jenereta kwa mzigo wote, friji zote zimewashwa. Mazutu, yaani dizeli, ilipimwa kwa macho na dereva wetu, na macho ya dereva, wanaomfahamu wanajua, hupungukiwa kila anapopita kwa Kadhafi, wale vijana wanaouza mafuta kwenye vibido kando ya barabara. Ghafla mashine ikakohoa. Mzungu akainama kwenye tanki, akainuka uso umemwiva, akapiga kelele kuelekea ofisini, mikono juu. Nilisikia "run" na nilisikia "out". Prof alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Hata hakukiweka chini.

"TUNAKIMBIA! NJE! Anasema tunakimbia nje!"

Sikuuliza. Hakuna aliyeuliza. Mhasibu alitokea dirishani, na mpaka leo sijaelewa, maana dirisha lile lina nondo. Wapakiaji waliangusha maboksi na kunipita. Mtu akapaza sauti, "Volkano! Volkano!" na kila mmoja akageuka kuutazama mlima. Nao siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu mpaka magotini, hauonyeshi kitu. Ungekuwa wazi tungeuona umetulia. Mlima uliojificha ndio unaotisha.

Tukafika getini. Kufuli.

Papa Sentineli, tangu asubuhi ile, hakuwahi kuiamini jenereta. Geti lilifungwa usiku na mchana. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, lakini shingo yake haikuwapo. Nilitazama juu nikaona soli za viatu vyake zikimalizikia upande wa pili wa ukuta. Mzee wa goti bovu! Ukuta wenyewe ni wa mawe meusi ya volkano, yale yanayokata viganja, na juu yake vigae vya chupa. Tuliupanda wote. Suruali yangu iliacha nusu yake kule juu, na niliiona bado inapepea wiki nzima baadaye.

Mama Maandazi alipoona wafanyakazi wote wa depo wanamwagika kutoka angani, alizima jiko kwa teke, akabeba beseni la maandazi kichwani, akatupita. "Iko nini?" mwenye duka la jirani aliuliza. "Sijue, batu ya depo banakimbia!" Naye akashusha mlango wa chuma. Nyuma yake vijana wa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, nyuma yao pikipiki mbili, kisha bwana mmoja aliyepakwa povu la kinyozi upande mmoja wa shavu. Mtaa mzima ukashika njia ya Sake.

Na mzungu? Mzungu alikuwa ubavuni mwangu, anakimbia kuliko alivyokimbia stoo, bisibisi bado iko mkononi. Prof akamfikia, akamuuliza kwa Kiingereza mlima umepasuka upande gani. Mzungu akamjibu bila kupunguza mwendo. Prof akaanza kupunguza wa kwake. Akasimama.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

Prof akatazama chini. "Anasema anakimbia kwa sababu sisi tunakimbia."

"Na kule kwenye tanki alisema nini?"

Wakaongea kidogo, mzungu akionyesha kwa bisibisi kitu kinachopungua, kinapungua, kwisha.

"Mazutu," Prof akasema polepole. "Mazutu inatuishia."

Kuwarudisha watu wa chukudu ilikuwa kazi. Ukimwambia mtu wa Goma asikimbie, anaona kuna siri unamficha. Mama Maandazi aliuza beseni lote palepale barabarani, na hilo ndilo pekee lililokwenda sawa siku ile.

Jioni Prof alijitetea mbele ya kila mtu. Alikuwa ameperuzi kwenye simu, na alilolikuta lilimpa nguvu. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford imekipa kitenzi hicho kimoja, "run", maana 645. Mhariri wake, Peter Gilliver, alikaa nacho takriban miezi tisa. Zamani bingwa alikuwa "set", ambaye katika chapa ya 1989 alipewa maana 430, lakini "run" akampita, kwa sababu mashine zilipozidi kuja duniani, treni, saa, injini, mwisho programu za kompyuta, zote Waingereza waliziona zinakimbia. Mto kwao unakimbia. Rangi ya kitenge ikichuja kwenye beseni, imekimbia. Filamu ya saa mbili imekimbia saa mbili. Mgombea wa urais akiwa Marekani anakimbia, na akivuka bahari kwenda kugombea ubunge Uingereza, kwa Kiingereza hichohicho, anasimama. (Kwetu anagombea, na tukisema ukweli sisi ndio tulioona vizuri.)

"Maana 645!" Prof akasema. "Mimi nilichagua moja. Nani angechagua vizuri zaidi?"

Papa Sentineli, akijipaka iodini kwenye viganja, akasema angeanzia na ile ya mazutu.

Nilimhurumia Prof kidogo, kwa sababu ya daftari la mzungu. Jioni hiyo alilifungua atuonyeshe na yeye anavyoteseka. Alikuwa ameandika kwamba "piga" ni kumchapa mtu, halafu ukurasa mzima wa alama za kuuliza: watu hawa wanapiga simu, wanapiga pasi, wanapiga mswaki, wanapiga picha, wanapiga chafya, wanapiga kura. Siku moja mhasibu alimwambia kwa furaha kwamba mke wake amempigia, naye mzungu akamletea vidonge vya maumivu. Tulikuwa tumekula vile vidonge bila kujua vilitoka wapi.

Mambo yangeishia hapo, lakini mzungu ni mtu wa utaratibu. Aliandika ripoti kwamba depo ilibaki tupu kwa saa mbili, friji zimezima, ukuta umebomoka vigae. Chanjo zilisalimika kwa sababu friji hizo hukaa na baridi yake. Jumatatu mkubwa mmoja akapiga simu kutoka ng'ambo, sauti ikawekwa wazi mezani, Prof katikati na tai. Mzungu siku hiyo alikuwa Gisenyi kutafuta vipuri.

Mkubwa akauliza swali moja. Nikasikia lile neno tena, mgongo ukanisisimka.

"Anauliza," Prof akasema, "saa ile ya tukio, nani alikuwa anakimbia depo."

Tukatazamana. Swali la haki.

"Mwambie wote," akasema mhasibu.

"Anataka majina."

Prof akayataja. Akaanza na mimi, akaja mhasibu, dereva, wapakiaji mmoja mmoja. Papa Sentineli akainua kidole: yeye alikuwa wa kwanza, liandikwe. Prof akaandikisha hilo pia, kwamba aliyekuwa anakimbia depo mbele ya wote ni mlinzi. Na ili asiache mtu, akamtaja Mama Maandazi. Upande wa pili pakawa kimya. Kisha mkubwa akauliza kama huyo mama alikuwa anakimbia depo peke yake au pamoja na mlinzi. Prof akamjibu kwa fahari kwamba mwishoni alikuwa amempita mlinzi.

Alhamisi barua pepe ikafika, nakala kwa watu ambao sijawahi kuwasikia. Makao makuu yalikuwa yanashangaa kwa nini uongozi wa depo ya Goma haujasajiliwa kwenye faili zao. Walikuwa wanaomba, kabla ya mwisho wa mwezi, wasifu wa mama huyo, nakala ya kitambulisho chake cha mpiga kura, na sampuli tatu za sahihi yake kwa ajili ya hundi.

Prof akaenda kumsomea palepale kwenye jiko. Mama Maandazi akageuza maandazi yaliyokuwa yanaanza kuungua, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaomba kalamu.

"Na mshahara," akamuuliza, "banaanza kulipa huu mwezi ao ule unakuya?"