Opinel Namba 8 na pete yake: kipya ni bora au ni kipya tu?

Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na miongoni mwa vitu alivyorudi navyo Mombasa ni kisu cha kukunja cha Opinel, Namba 8, mpini wake wa mbao umeshakuwa mweusi kwa jasho la mkono. Kilikuwa kimezungushiwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Nilidhani mpini umepasuka. Kumbe mpira ulikuwa wa kukizuia kisifunguke chenyewe mfukoni.

Mwaka jana nikanunua Namba 8 mpya, na sasa navitumia vyote viwili jikoni na safarini. Kwa macho ni pacha: bapa la sentimita 8.5, mpini wa duara, pete ya chuma shingoni. Tofauti imo kwenye hiyo pete.

Joseph Opinel alianza kutengeneza visu hivi mwaka 1890 huko Savoie, nchi ya milima mashariki mwa Ufaransa. Kwa miaka 65 havikuwa na kifungio chochote. Bapa lilishikiliwa na mbano wa mbao tu. Ukichokonoa kitu kigumu kwa ncha, bapa linakurudia vidoleni. Mwaka 1955 Marcel Opinel akabuni kifungio cha Virobloc, yaani pete yenye mwanya inayozunguka shingo ya mpini. Mwanya ukikaa mkabala na mfereji wa mpini ambamo bapa hukunjiwa, bapa liko huru. Ukiizungusha kidogo, ukingo wa pete unaziba njia na bapa halirudi. Kisu cha mjomba ni cha aina hii. Lakini pete yake hulifunga bapa likiwa wazi tu. Likishakunjwa, hakuna cha kulizuia lisitoke. Ndiyo maana ya ule mpira. Mwaka 2000 kiwanda kikairekebisha ili pete ifunge hata kisu kikiwa kimekunjwa. Jambo ambalo baharia alilimaliza kwa kipande cha tyubu, wenyewe walilifikia miaka 45 baada ya pete ya kwanza.

Mimi nakubali kwamba marekebisho haya mawili ni uboreshaji wa kweli. Hayakuongeza uzito wa kulalamikia, hayakuleta springi ya kukatika, na kisu kinabaki na vipande vichache ambavyo hata mtoto anaweza kuvihesabu.

Ila pete haijifungi. Hapo ndipo wanaoisifu sana huteleza. Miaka ya 1980 Michael Walker, fundi visu wa Marekani, aliboresha kifungio cha ubavuni, ambapo ulimi wa chuma hujisukuma nyuma ya bapa pale tu linapofunguka. Cha Opinel kinamngoja mwenyewe akumbuke. Mwezi uliopita nilikuwa namenya embe dodo, mikono inateleza kwa maji yake, pete sikuizungusha. Bapa lilianza kukunjika nikaliwahi kwa kidole gumba. Dakika ile nilikuwa na kisu cha 1890 kwa bei ya leo. Kwa upande mwingine, kile cha ubavuni kinakutaka uweke kidole kwenye njia ya makali ukitaka kukikunja. Chagua hatari unayoiweza.

Kuna la pili ambalo pete haikuligusa kabisa, nalo ni mbao. Mpini ukilowa unavimba na kulibana bapa, kucha inaumia na kisu hakifunguki. Watu wa Savoie hukigonga kitako cha mpini mezani mpaka bapa lichomoze. Pwani yetu, masika yakiingia, mtagonga sana.

Kuhusu chuma sitachukua muda. Kisu cha mjomba ni cha chuma cha kaboni, kinanoleka upesi kwenye jiwe la kawaida lakini ndimu moja tu inakitia weusi, na usiku mmoja wa hewa ya chumvi unakitia kutu. Changu ni cha chuma kisichoshika kutu, kinataka subira zaidi kwenye kinoo. Anayeishi karibu na bahari achukue hiki.

Kinachonisumbua zaidi ni sheria. Uingereza inaruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja bila kueleza sababu ikiwa makali hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na bapa halina kifungio. Namba 8 imekwisha kuanguka kwa urefu. Lakini angalia Namba 6, yenye bapa la sentimita 7: kwa urefu imefaulu, inaangushwa na pete peke yake. Kifaa kilichowekwa kulinda vidole vya mwenye kisu ndicho kinachomtia matatani mbele ya polisi. Sheria inaogopa kisu kinachosimama imara mkononi, na mmenyaji wa matunda anakitaka hichohicho. Siwezi kusema yupi hana haki.

Mpwa wangu anaishi Leicester, hukohuko Uingereza. Alipoona picha ya changu akaniandikia, "Mjomba, shikamoo, ukija niletee kama hicho, cha kubeba kwenye mkoba." Nimemnunulia Namba 5. Ina bapa la sentimita 6, na pete haina. Kiwanda huanza kuitia kuanzia Namba 6. Nimemwambia asichokonoe kitu kwa ncha.