Mkungu wa uani La Digue ni nyumba ya mtu

Kisiwa cha La Digue huko Ushelisheli kina kilomita za mraba 10 hivi, na sehemu kubwa ni vilima. Tambarare ya magharibi ndiyo inayogombewa: wenyeji wanatafuta kiwanja cha kujengea watoto wao, wenye hoteli wanataka kupanua, na ndege aitwaye vev naye hana pengine pa kwenda kisiwani humo.

Vev ndilo jina la ndege huyo kwa Kikrioli. Dume ni mweusi wa kung'aa, mkia mrefu kuliko mwili. Jike ana kichwa cheusi, mgongo wa hudhurungi na tumbo jeupe. Hutaga yai moja tu, katika kikombe cha nyuzi na utando wa buibui kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi. Miti anayoipenda ni mitondoo na mikungu, hii hii ya pwani yetu, hasa iliyo karibu na vinamasi vya maji baridi ambako wadudu ni tele.

Zamani alikuwako pia visiwa jirani vya Praslin, Félicité na Marianne. Misitu ya tambarare ikafyekwa, panya na paka wakaingia, akabaki La Digue peke yake. Kisha miaka ya 1990 ugonjwa ukaikausha mitondoo mingi ya Ushelisheli.

Mwaka 2008 ndege 23 walihamishiwa kisiwa cha Denis, wakazaana. Mwaka 2018 wengine wakapelekwa kisiwa cha Curieuse. Mwaka 2020 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ikamtoa katika kundi la walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Nilifurahi mno. Waliofanya kazi ile wanastahili kila shukrani.

Ninachochelea ni mtu kusema: si wapo Denis, basi huku tukate. Hifadhi ya vev pale La Digue ni ndogo sana, na ndege wengi hutaga nje yake, nyuani mwa watu. Kwa hiyo kibali cha ujenzi kisitolewe kabla mikungu na mitondoo ya kiwanja haijahesabiwa, na vinamasi visifukiwe. Wala mzigo huu asitwishwe mwenye kiwanja kidogo peke yake. Watalii huja kumtazama vev. Sehemu ya fedha wanazoacha kisiwani imfikie yule aliyekubali kujenga chumba kimoja pungufu ili mti ubaki.