Kipepeo wa Milima ya Taita: tumhamishe, au tumpandie mti wake?

Kipepeo Cymothoe teita hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye misitu ya mawingu ya Milima ya Taita, Kenya. Misitu hiyo imebaki vipande: Mbololo takriban hekta 200, Ngangao takriban 120, Chawia chini ya 100, na viraka vingine vya hekta chache tu. Katikati kuna mashamba, vijiji, na miti ya kigeni kama mikaratusi na misindano (misonobari). Mbololo imetengwa na safu ya Dabida, yenye Ngangao na Chawia, kwa bonde la Paranga, na kwa mdudu aliyezoea kivuli na unyevu, bonde kavu ni ukuta.

Kutokana na hali hiyo zimezuka hoja mbili. Ya kwanza inataka vipepeo wachache wahamishwe kutoka msitu mkubwa kwenda mdogo, damu isiendelee kuwa ya ndugu kwa ndugu. Ya pili inasema tatizo ni makazi: viwavi wake hula majani ya Rawsonia lucida, mti mdogo unaokua chini ya kivuli cha miti mikubwa, na mti huo ukiadimika hakuna kinasaba, yaani chembe ya urithi, kitakachomlisha kiwavi.

Hoja ya kwanza ina hesabu nyuma yake. Chukua kiraka chenye madume 40 na majike 10 wanaozaa. Kwa macho ni vipepeo 50. Lakini kwa vinasaba, kwa kuwa majike ni wachache, ni sawa na kundi la 4 × 40 × 10 ÷ 50, yaani 32 tu, na kila kizazi kundi hilo hupoteza wastani wa 1/64 ya utofauti wa vinasaba vyake. Baada ya vizazi 10, karibu asilimia 15 imekwenda, na vizazi 10 vya kipepeo hupita upesi kuliko mche kuwa mti. Madhara yake yamepimwa. Katika visiwa vya Åland, Finland, watafiti walifuatilia makundi 42 ya kipepeo Melitaea cinxia, na 7 yakatoweka ndani ya mwaka mmoja. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa kuzaana kwa ndugu kuliongeza hatari ya kutoweka: mayai machache yalianguliwa, viwavi wengi walikufa, na vipepeo wazima waliishi muda mfupi.

Lakini Uingereza inafundisha somo jingine. Kipepeo mkubwa wa bluu, Phengaris arion, alitoweka huko mwaka 1979 kwa sababu malisho yaliachwa, nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, na aina ya sisimizi anayemlea kiwavi wake, Myrmica sabuleti, akaadimika. Walioletwa baadaye kutoka Sweden walistawi pale tu nyasi ziliporudi kuwa fupi. Damu mpya bila malisho isingefaa kitu.

Kuhamisha kuna hatari zake pia. Jike mwenye mayai anayechukuliwa Mbololo ni pengo Mbololo. Tena wadudu wengi hubeba bakteria aitwaye Wolbachia: dume aliyeambukizwa akipanda jike asiye naye, mayai huweza kufa bila kuanguliwa. Ukileta vipepeo bila kupima, unaweza kupunguza kizazi ulichokuja kukiokoa. Kwa hiyo kipimo kinatangulia, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Vipepeo wa jamii hii hufuata matunda yaliyooza, basi mtego wa chandarua wenye ndizi mbivu zilizopondwa na kuachwa siku mbili ili zichachuke unatosha. Ukaguliwe asubuhi na jioni, la sivyo siafu watawamaliza walionaswa. Kwa sampuli ya DNA, usikate mguu: miguu yao ya mbele ni midogo mno, hutembea kwa minne, na kila mmoja unahitajika. Kata kipande cha milimita 2 hadi 3 kwenye ukingo wa bawa la nyuma, ukitie kwenye alkoholi ya asilimia 95. Formalini huharibu DNA. Kosa baya zaidi ni kukusanya viwavi 20 kwenye mti mmoja na kuwaita sampuli ya msitu, maana huenda wote ni watoto wa mama mmoja, na jibu la maabara litaonyesha udugu ambao msitu mzima hauna. Mmoja kwa kila mti, miti 20 hadi 30 iliyo mbalimbali, ndiyo sampuli.

Kwa uzito wa hoja zote mbili, mti utangulie. Hekta za msitu peke yake si kipimo, kwani kiraka kidogo chenye Rawsonia nyingi humfaa kipepeo kuliko kikubwa kilichojaa misindano. Hata hivyo misindano isifyekwe kwa mkupuo. Jua likiingia ghafla udongo hukauka, magugu hushika, na miche ya kivuli huungua kwanza kingo za majani kisha kufa. Ipunguzwe kidogo kidogo, miche ya Rawsonia na miti mingine ya asili ipandwe chini ya iliyobaki, na viraka vya safu moja viunganishwe kabla ya kufikiria kuvusha bonde.

Kuhamisha kubaki kwa kiraka ambacho tayari kina mti wa kutosha, kimepimwa Wolbachia upande wa kutoa na wa kupokea, na bado vinasaba vyake vinaonyesha kupungua. Huko majike wachache kwa kila kizazi wanatosha kurudisha utofauti. Kundi zima likihamishwa kwa mkupuo, litafunika vinasaba vya wenyeji, ambavyo havipatikani kwingine.