Gari la Spea Liuzwe kwa Jina Lake

Land Rover Series III ya turubai iliyokaa juu ya mawe miaka kumi huko Kibosho au Marangu si gari tena, hata kama boneti bado inang'aa. Boneti ni alminiamu, haishiki kutu, ndiyo maana inadanganya. Chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, ni chuma, tena cha boksi chenye uwazi ndani: tope la mlimani huingia ndani na kukaa humo, chuma kikaliwa kutoka ndani kuja nje. Chukua nyundo ndogo, anza na boriti ya nyuma inayobeba ndoano, uende mbele hadi kwenye springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu "pu", na nyundo inazama.

Ikizama, andika hivyo hivyo kwenye tangazo: "Inauzwa kama spea, chesisi imeoza." Ukiandika "marekebisho madogo", mtu atatoka Arusha, atachungulia chini mara moja, kisha ataondoka au atakukata bei kwa hasira. Na tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 pale Arusha, kila mwenye chesisi mbovu anajiona ana gari la makumbusho. Haya.

Wa skrepa naye anapima kilo, na mizani haijui difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu). Kama ni 109, ile ndefu, lala chini uangalie difu ya nyuma: yenye mfuniko wa boliti kwa nyuma ni Salisbury, imara kuliko ile ya kawaida ambayo ekseli zake hukatika. Itaje. Taja pia mabomba ya turubai, fremu ya kioo inayolala juu ya boneti, na kibao cha nyuma kinachoshuka. Gari likishafungwa paa la bati, mara nyingi hivyo ndivyo vya kwanza kupotea.

Injini usiitangaze imekufa kabla ya kuijaribu. Kwa ya petroli, toa plagi zote, mimina vijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi otomatiki kila silinda, acha siku tatu. Kisha zungusha kwa hendeli, plagi zikiwa nje. Ikigoma, ongeza, subiri tena; usipige stata, ringi za pistoni zilizogandana zitavunjika. Ikisogea hata nusu duara, bei imebadilika.

Liuze zima, na matairi yake. Atakayenunua giaboksi peke yake atakuachia mifupa isiyosukumika, na kuipandisha kwenye Fuso kutakula faida yote.

Halafu kuna mnunuzi asiyeuliza difu wala injini. Anataka kadi ya usajili na kile kipande cha chesisi chenye namba, karibu na springi ya mbele kulia. Namba hizo zikihamia kwenye gari la wizi, jina litakalofuatwa ni lako. Andikishaneni mkataba, na kadi na plate uende nazo Mamlaka ya Mapato (TRA) kuomba usajili ufutwe kabla gari halijatoka uani.