Kuta za umma nasi tuna haki nazo

Kuna mwandishi anayesema kuchora ukutani bila kibali ni uharibifu mtupu. Sikubaliani naye. Mwaka 2012 Boniface Mwangi, mpiga picha na mwanaharakati wa Kenya, na wachoraji wenzake walitoka usiku wakachora katikati ya Nairobi wanasiasa wenye vichwa vya tumbusi, wamevaa suti, uchaguzi wa 2013 ukikaribia. Nani angewapa kibali cha picha ile? Wanasiasa wenyewe hubandika sura zao kwenye kila nguzo na mlango wa kioski, karatasi juu ya karatasi, na hawaulizwi. Mwenye duka akichorewa ukuta wake bila kuombwa ameonewa, hilo nakubali. Lakini kuta za umma tunazilipia kodi. Kabla ya kupaka chokaa juu ya mchoro, kaunti iwaulize kwanza wachuuzi na wakazi wa mtaa huo.