Kidonge cha Paris na hofu ya kusahau

Tarehe 13 Novemba 2015 magaidi waliua watu 130 jijini Paris na kitongoji chake cha Saint-Denis, 90 kati yao katika ukumbi wa Bataclan. Mwaka uliofuata hospitali kadhaa za Ufaransa zilianza kuwajaribishia manusura propranolol, kidonge cha presha ambacho hata huku kwetu madaktari huandika. Safari hii walipewa kwa ajili ya kumbukumbu, na ubishi ukaanza: ni halali kuigusa kumbukumbu ya mtu ili apone?

Wanaokataa hawasemi upuuzi. Mwaka 2003 baraza la maadili ya tiba lililomshauri Rais Bush wa Marekani, likiongozwa na Leon Kass, lilionya kwamba uovu ukikumbukwa bila uchungu unaoustahili, mwisho utaonekana jambo la kawaida. Na muuaji je, naye ameze alale usingizi mnono? Hoja ya muuaji ni nzito; nitairudia.

Lakini tazama tiba yenyewe. Mgonjwa anameza dawa, anasubiri kama dakika 90, kisha anaandika katika ukurasa mmoja hivi yaliyomkuta: alichoona, alichosikia, moyo ulivyomwenda mbio. Wiki inayofuata anameza tena na kuusoma ukurasa uleule kwa sauti. Hivyo hivyo hadi wiki ya sita. Kumbukumbu ikiamshwa hulegea kwa muda kabla ya kutulia tena; mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2000. Dawa hii huzuia kazi ya adrenalini, homoni inayoamshwa na hofu, na inaaminika kwamba kisa hubaki huku hofu iliyokishikilia ikipungua makali.

Naung'ang'ania ukurasa ule kwa sababu wapinzani huuruka. Hakuna anayetibiwa hivi bila kusimulia kisa chake, tena na tena, mbele ya mtu. Familia ngapi zina mzee aliyerudi vitani na hajatamka hata sentensi moja mpaka anazikwa? Kimya kile kimefuta historia nyingi, na hakikuhitaji dawa.

Wapo wagonjwa wanaosema kwamba mwishoni huusoma ukurasa wao kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Mpinzani atadaka hapohapo: si unaona, amenyang'anywa maisha yake! Basi na tuulize, kabla ya tiba yalikuwa yake kwa namna gani? Mtu anayejitupa chini pikipiki ikipiga mlio, asiyethubutu tena kukaa mkahawani, huyo kumbukumbu imemgeuza mtumwa. Kesi ya Paris ilipoanza Septemba 2021, manusura walisimama mahakamani wiki baada ya wiki wakieleza nani alikuwa wapi na risasi zilianzia upande gani. Sijaona ni vipi ushahidi wa namna hiyo unapungua thamani kwa kuwa shahidi amelala vizuri usiku uliotangulia.

Mimi shaka yangu kubwa ni kama dawa inafanya kazi. Mwanasaikolojia Alain Brunet wa Montreal, Kanada, alichapisha mwaka 2018 utafiti wa watu 60: waliopewa propranolol walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Majaribio mengine hayakuipata tofauti hiyo. Tena mwenye pumu asiikaribie.

Sasa huyo muuaji. Jeshi likiwapa askari kidonge ili mambo watakayoyafanya yasiwakeshe baadaye, hapo niko upande wa Kass bila kusita, maana atakayenufaika ni aliyewatuma. Ila kuzuia hilo hakudai manusura wa Bataclan anyimwe tiba. Inatosha sheria iseme kwamba dawa hutolewa baada ya tukio, kwa mgonjwa aliyeiomba mwenyewe, na daktari anayeiandika asiwe anapokea amri za kamanda wala mwajiri wa mgonjwa huyo.